Kura ya Aliye Ughaibuni: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nimeishi nje ya nchi yangu kwa miaka tisa na bado ninashika pasipoti yake. Siku ya uchaguzi uliopita nilikwenda ubalozini nikiwa na kadi ya mpiga kura niliyoandikishiwa kabla ya kuondoka nyumbani, lakini nikaambiwa jina langu halimo daftarini. Je, nilinyimwa haki yangu? Na kwa nini wenzangu waliokuwamo walipewa karatasi moja tu, ya kumchagua rais?

JIBU: Hukuitaja nchi yako, kwa hiyo nitajibu kwa mapana. Kadi yako haikuwa batili. Ilikuwa ya kituo kingine. Daftari la wapiga kura hupangwa kwa vituo, na kila kituo hupewa orodha ya watu wake tu, hata kama kituo hicho ni chumba kimoja cha ubalozi. Mtu aliyejiandikisha nyumbani kisha akahama anaendelea kuhesabiwa kule alikojiandikishia mpaka yeye mwenyewe aombe kuhamishwa, na maombi hayo hupokelewa katika kipindi maalumu ambacho mara nyingi hufungwa miezi kadhaa kabla ya siku ya kupiga kura, wakati ambapo kampeni hazijapamba moto na wengi wetu hata hatujaanza kuuwazia uchaguzi. Hapo ndipo watu wengi wa ughaibuni wanapoipoteza kura yao, wala si mlangoni pa ubalozi. Zipo pia nchi zinazotaka hatua ya ziada: Mwafrika Kusini, pamoja na kuwa daftarini, hutakiwa kuiarifu tume ya uchaguzi mapema kwamba atapigia kura nje na kutaja ubalozi atakaoutumia.

Hayo yote yanahusu nchi ambazo sheria yake inaruhusu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliagiza haki ya raia walioko nje itekelezwe hatua kwa hatua, na hatua zenyewe zimekuwa fupi: mwaka 2013 vituo viliwekwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, na mwaka 2022 idadi ya nchi ikafika 12, zikiwamo Marekani, Uingereza na Qatar. Mkenya aliyekuwa akiishi nje ya nchi hizo alikuwa na haki kwenye maandishi lakini hakuwa na sanduku la kutumbukizia kura yake karibu naye. Ireland nayo huwanyima kura raia wake wengi waliohamia nje kwa muda mrefu, na katika kura ya maoni ya mwaka 2018 ilishuhudiwa watu wakipanda ndege kurudi nyumbani ili wapige kura. Uingereza, kwa upande wake, ilikuwa ikimfuta raia aliyetimiza miaka 15 nje, lakini tangu Januari 2024 kikomo hicho kimeondolewa.

Kuhusu karatasi moja, sababu yake kubwa ni ya kiutendaji. Kenya ina majimbo 290 ya ubunge na kaunti 47, na wapiga kura wanaokutana katika ubalozi mmoja wametoka pande zote za nchi. Kama kila mmoja wao angemchagua mbunge wa kwao, kituo hicho kingelazimika kuwa na aina 290 za karatasi za ubunge pekee, kabla hatujafika kwa gavana, seneta na mwakilishi wa wadi. Karatasi ya rais ni ileile kila mahali, ndiyo maana hubebeka. Ufaransa ilikwepa tatizo hilo kwa njia nyingine: tangu mwaka 2012 raia wake walioko nje wana wabunge 11 wao wenyewe, na Msumbiji imetenga viti 2 kati ya 250 kwa ajili ya walioko nje. Mimi naiona njia hii kuwa ya haki zaidi, kwa sababu mtu aliyeondoka kijijini miaka tisa iliyopita ana mengi ya kudai kuhusu pasipoti, ada na huduma za ubalozi, lakini machache ya kusema kuhusu barabara asiyoipita.

SWALI: Nitakuwa masomoni nje wakati wa uchaguzi. Je, kaka yangu anaweza kunipigia kura kwa kadi yangu?

JIBU: Usimpe. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kupiga kura kwa kadi ya mtu mwingine ni kosa la jinai, na aliyeitoa kadi naye anaweza kushtakiwa. Msaidizi anayeruhusiwa kuingia na mpiga kura asiyeona au asiyeweza kusoma ni jambo tofauti, kwa maana mpiga kura mwenyewe yupo hapo.

Huenda uliyasikia hayo kutoka kwa mtu wa Uingereza au Ufaransa, ambako raia anaweza kumteua mwakilishi rasmi amwendee kituoni. Uteuzi huo huombwa kwa maandishi na kuthibitishwa kabla, na Uingereza imeweka kikomo: mtu mmoja asiwawakilishe zaidi ya wanne, na kati yao walioko ndani ya nchi wasizidi wawili. Raia wengi wa Uingereza wanaoishi mbali huichagua njia hii badala ya posta, kwani karatasi za kura huchapishwa baada ya majina ya wagombea kuthibitishwa, na bahasha iliyojazwa sharti ifike kabla ya saa nne usiku ya siku ya uchaguzi. Bahasha inayovuka bahari mbili haina uhakika huo.

SWALI: Nina uraia wa nchi mbili. Nikipiga kura kote kuwili, nitakuwa nimevunja sheria?

JIBU: Kwa kawaida hapana, mradi nchi zote mbili zinautambua uraia wako. Hizo ni chaguzi mbili tofauti, na katika kila mmoja una kura moja. Angalizo moja linawahusu wenye pasipoti mbili za nchi za Umoja wa Ulaya: uchaguzi wa Bunge la Ulaya ni mmoja, kwa hiyo hata ukiitwa na nchi mbili unapiga mara moja tu.

Sharti hilo la kutambuliwa lisipitwe haraka. Kenya iliruhusu uraia pacha kupitia Katiba ya 2010, lakini Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza ule wa Tanzania, na jina lake linaweza kubaki daftarini miaka mingi baada ya haki yenyewe kwisha. Akikuta jina lake bado limo, asilichukulie kuwa ruhusa.