Ukitaka kuicheza bahari ya Bahia, sahau mawimbi kwanza

Kila mcheza densi anayeniambia anatunga kazi kuhusu bahari na Waafrika wa Brazili huanza na kitu kile kile: mikono. Inapanda, inashuka, vidole vinatetemeka. Huwa namwambia aifunge nyuma ya mgongo na afanye mazoezi hivyo hadi audhike.

Mimi densi hii niliisomea Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, Brazili, na kilichonifundisha zaidi ya walimu ni ngoma. Katika Kandomble, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika, tawi la Ketu, ziko tatu: rum, rumpi na lê. Mbili ndogo, pamoja na kengele ya chuma, zinashikilia mdundo usiobadilika. Ile kubwa, rum, ndiyo inayozungumza na mchezaji. Inamkatiza, inamchokoza, inamwita ageuke. Sasa wewe uliyezoea kuhesabu moja hadi nane utapotea mapema sana. Shika kengele. Itembee jikoni, itembee ukisubiri daladala, pekupeku ikiwezekana, magoti yamelegea na uzito uko chini, hadi nyayo ziijue bila kuulizwa. Ndipo uisikilize rum. Mikono utaikuta inafunguka na kukusanya yenyewe, maana inasukumwa na mgongo, na mgongo unasukumwa na miguu.

Halafu ujue unamcheza orixá yupi, maana ndivyo miungu ya Kandomble inavyoitwa. Iemanjá ndiye mwenye bahari, nguo zake nyeupe na samawati. Oxum ni wa maji baridi, rangi yake dhahabu, mdundo wake ijexá. Nimeshakaa ukumbini nikaona wawili hawa wamechanganywa katika gauni moja, na watu wakapiga makofi (mimi pia nilipiga, wachezaji walikuwa hodari). Tena kwa Wayoruba wa Nigeria, Yemoja, ndiye Iemanjá huyo huyo, ni wa mto, mto Ogun. Bahari aliipata ng'ambo ya Atlantiki, kwa watoto wa waliovushwa. Hapo tayari una kazi nzima ya jukwaani, bila wimbi hata moja.

Maana maji hayo si ya urembo tu. Waafrika wapatao milioni 4.8 walishushwa Brazili, na utumwa ulifutwa huko mwaka 1888. Sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi tuna tamaa ya kujichomeka katika hadithi hiyo, na kweli tumo: karne ya 19 meli zilibeba mateka kutoka Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Lakini nyingi ziliishia Rio de Janeiro, si Salvador. Basi ukitaka kuleta jahazi lako, lipeleke gati ya Valongo, huko Rio walikoshushiwa watumwa, usilifiche chini ya sketi za Bahia.

Ukialikwa kwenye terreiro, nyumba ya ibada, vaa nguo nyeupe au za rangi nyepesi, kaa unapoonyeshwa, simu iache mfukoni. Kupandisha orixá, yaani kupandwa naye mwilini, usikuigize jukwaani. Kuna namna nyingine, na Mercedes Baptista alishaionyesha zamani. Mwaka 1948 aliingia kundi la balei la Theatro Municipal la Rio, mwanamke mweusi wa kwanza humo. Baadaye alisoma New York kwa Katherine Dunham, mcheza densi Mmarekani mweusi, akarudi na kuzigeuza hatua za terreiro kuwa mazoezi ya darasani, yenye kupasha mwili moto, kurudia na kusahihishwa. Mtu hahitaji kupandwa na chochote ili ajifunze.

Pa kusomea papo. Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Bahia kina shule ya densi tangu 1956, na shule ya FUNCEB, taasisi ya utamaduni ya jimbo la Bahia, iko Pelourinho, mtaa wa kale wa Salvador. Binafsi ningeanza na FUNCEB, kwa sababu ya wapiga ngoma wake. Nenda Januari. Ukisubiri sikukuu ya Iemanjá yenyewe, tarehe 2 Februari, vyumba vya Rio Vermelho, mtaa wa Salvador wa sikukuu hiyo, vitakuwa vimejaa, na walimu wengi utawakuta kwenye foleni ufukweni, maua mkononi, hawana habari na darasa lako.