Lebo inabadilishwa, au pakiti inapitishwa?

SWALI: Naandaa tasnifu yenye kichwa hiki: "Usimulizi wa teknolojia ya ubadilishaji wa lebo ili kuboresha utendaji wa mtandao wa kompyuta." Msimamizi wangu amelipigia mstari neno "usimulizi", na mwenzangu anashikilia niandike "uigizaji". Lipi sahihi?

JIBU: Msimamizi wako hajakosea. Usimulizi umetokana na kusimulia, na anayesimulia hueleza yaliyotokea. Na "simulesheni", la Kiingereza "simulation", linafanana nalo kwa sauti tu. Uigizaji nao una jukwaa na watazamaji. Programu yako haimchezei mtu mchezo. Inafuatisha mwenendo wa ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni, na wa pakiti, yaani vipande vya data hiyo, ili upime pakiti zinachelewa kiasi gani na ngapi zinapotea njiani. Hapo -iga inatosha: uigaji.

Ila mimi mstari ningeupiga kwingine, kwenye "ubadilishaji wa lebo". Ifuate pakiti moja katika mtandao wa MPLS, yaani mtandao unaopitisha pakiti kwa kufuata lebo, ambao usanifu wake IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, iliutoa mwaka 2001. Ruta ya mlangoni inaibandika lebo, tuseme 24. Ruta inayofuata inaisoma 24 hiyo, haihangaiki na anwani ya IP, inatazama jedwali lake, inaweka 31 mahali pake na kuisukuma pakiti mbele. Inabidi ibadili, maana namba hiyo ina maana baina ya ruta mbili jirani tu. Kuelekea mwisho lebo inabanduliwa, na mara nyingi anayeibandua ni ruta ya kabla ya mwisho. Bandika, badili, bandua! Jozi ya bandika na bandua tulikuwa nayo siku zote, kama funika na funua, anika na anua, halafu bado nasikia watu wakisema "kupushi" na "kupopu", kutoka "push" na "pop" za Kiingereza.

Kwa hiyo kubadili ni tendo moja tu kati ya matatu. Kinachosafiri ni pakiti. Lebo inaionyesha njia. Kilichokuponza ni kile kijineno "wa". Ukisema "ubadilishaji wa lebo", lebo inakuwa yambwa, ndiyo inayotendwa. Unachokihitaji ni "kwa" ya ala, ile ya kukata kwa kisu. Andika "upitishaji wa pakiti kwa lebo".

Neno "lebo" lenyewe usiliogope, wala usiligeuze "alama". Alama zimejaa tele kwenye kompyuta, na hii ni kitu mahususi: namba ya biti 20 ndani ya kichwa cha biti 32 kinachobandikwa kwenye pakiti. Upatanisho wake ni lebo hii, lebo hizi.

Halafu kuna "ili". Katika kichwa cha tasnifu yako imening'inia kwenye uigaji, kana kwamba kuuiga mtandao ndiko kunakouongezea kasi. Ningekipanga hivi: "Upitishaji wa pakiti kwa lebo katika kuboresha utendaji wa mtandao wa kompyuta: utafiti wa uigaji." "Utendaji" liache lilivyo.