UTI inayorudi kila mara: choo cha kazini hakina kosa

Mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kujirudia hukilaumu choo: cha kazini, cha stendi, cha hosteli. Ananunua dawa ya kupulizia, anachuchumaa hewani asiguse popote, na mwezi ujao anaungua tena akikojoa. Bakteria anayeongoza kwa kuleta maambukizi haya, E. coli, anaishi ndani ya utumbo mpana wa mgonjwa mwenyewe. Anatokea njia ya haja kubwa, anasogea hadi tundu la mkojo, na kwa mwanamke mrija wa kuelekea kwenye kibofu una urefu wa kama sentimita 4 tu.

Kwa hiyo tuanze na utumbo. Mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wako kwenye utumbo mpana, na E. coli ni wachache mno kati yao. Wanabanwa na wenzao, ambao wanamaliza chakula, wanajaza nafasi, na wanachachua nyuzinyuzi za maharage na dona kuwa asidi zinazowadhibiti E. coli. Unapomeza antibiotiki, haiendi kwenye kibofu peke yake. Inapita kwenye utumbo na kuua hao walinzi, huku E. coli wachache wenye kinga dhidi ya dawa hiyo wakibaki na uwanja mtupu. Wanaongezeka, na baadhi wanawapa bakteria wengine kinga hiyo kupitia vipande vya vinasaba viitwavyo plasmidi. Miezi baadaye mmoja wao anapanda kwenye kibofu, na safari hii kidonge kilekile hakifanyi kitu.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ndani ya miezi 2 baada ya kutumia antibiotiki, uwiano wa uwezekano wa kukutwa na bakteria sugu kwenye mkojo ni mara 2.5 ukilinganishwa na wasiotumia. Tofauti hiyo hupungua polepole na inaweza kuonekana hadi miezi 12. Antibiotiki uliyomeza kwa ajili ya kikohozi mwezi wa tatu inaweza kukuharibia matibabu ya UTI ya mwezi wa tano.

Hata jina lenyewe, "UTI sugu", lina utata. Watu huyaita hivyo mambo matatu yasiyofanana: bakteria ambaye kweli maabara imethibitisha hasikii dawa, maambukizi mapya yaliyokuja baada ya yale ya kwanza kupona, na kitu ambacho hakikuwa UTI tangu mwanzo. Hilo la tatu ni kubwa kuliko tunavyodhani. Katika utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI, takriban theluthi moja tu ndio waliothibitishwa na maabara.

Mfano unaojirudia ni wa fangasi. Antibiotiki huua pia bakteria wazuri wa ukeni, wale wanaotunza uchachu wake. Fangasi wanapata nafasi, muwasho unaanza, mkojo unachoma unapogusa ngozi iliyochubuka, na mgonjwa anasema "UTI imerudi". Anapewa antibiotiki nyingine. Ukiwa na muwasho na uchafu mweupe mzito, au uchafu wenye harufu, omba upimwe ukeni kabla ya kukubali dozi nyingine. UTI ya kibofu kwa kawaida ni maumivu ya kukojoa, haja ya mara kwa mara inayokuja ghafla, na maumivu chini ya kitovu.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo mengi yanapoharibikia. Kupima mkojo na kukuta "seli za usaha" hakutoshi. Usaha unaweza kutoka ukeni. Ikiwa tatizo limejirudia, omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara ili watambuliwe na kujaribiwa na dawa, na utoe sampuli kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Nawa mikono. Osha sehemu za siri kwa maji safi bila dettol. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, acha mkojo wa mwanzo uingie chooni, kisha kinga wa katikati, mililita 20 hadi 30, kwenye kopo tasa (lisilo na vijidudu) la maabara. Usiguse ndani ya kopo wala ndani ya kifuniko. Chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa haifai hata kidogo.

Halafu muda. Katika mazingira mazuri E. coli hujigawa kila dakika 20 hivi, maana yake mmoja anaweza kuwa 64 baada ya saa mbili. Bakteria wachache wa kwenye ngozi wakikaa mezani kwenye joto la Dar au Mombasa watasomeka kama ugonjwa. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Ikishindikana iwekwe kwenye friji, si friza, na isizidi saa 24. Majibu huchukua siku 2 hadi 3, kwani bakteria lazima waote kwanza ndipo wajaribiwe na dawa. Majibu yakisema wameota aina tatu au zaidi, sampuli ilichafuka: rudia kipimo, usitibiwe kwa karatasi hiyo. Na kama huna dalili yoyote, kukutwa na bakteria kwenye mkojo peke yake hakuhitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito, au kwa anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Kuhusu dawa, uliza swali moja: hii itaubomoa utumbo wangu kiasi gani? Nitrofurantoini hufyonzwa mapema kwenye utumbo mwembamba na kujikusanya kwenye mkojo, hivyo bakteria wa utumbo mpana huguswa kidogo. Kwa UTI ya kibofu ya mwanamke dozi ya kawaida ni siku 5, pamoja na chakula, na mkojo ukigeuka kahawia usiogope. Haifai kwa maambukizi yaliyofika kwenye figo, kwa mwenye figo dhaifu, kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo si ngeni kwetu. Siprofloksasini ni tofauti. Inasambaratisha bakteria wengi wa tumboni, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu. Tunashangaa inavyouzwa kama pipi.

Wengine huomba sindano wakiamini "haipiti tumboni". Seftriaksoni, sindano inayopendwa sana, hutolewa mwilini kwa mkojo na pia, kwa kiasi kikubwa, kupitia nyongo, na nyongo humwagika kwenye utumbo. Inapita tumboni vizuri kabisa.

Kupunguza kurudi kwa ugonjwa kuna jambo moja rahisi lenye ushahidi: maji. Katika utafiti wa mwaka 2018, wanawake 140 wenye UTI za kujirudia waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku waligawanywa makundi mawili. Walioongeza lita 1.5 kila siku walipata wastani wa UTI 1.7 kwa mwaka, wengine 3.2. Kojoa baada ya tendo la ndoa, chamba kutoka mbele kwenda nyuma, na achana na dawa za kuua mbegu za kiume, kwa sababu zinaharibu bakteria wa ukeni. Maziwa mgando na mboga kunywa na kula ni vyema, ila hakuna aliyethibitisha kwamba vinatibu UTI. Vidonge vya "bakteria wazuri" visikumalize pesa: utafiti mdogo wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya antibiotiki vilichelewesha bakteria wa asili kurudi.

Weka daftari, au andika kwenye simu: jina la kila antibiotiki uliyotumia, tarehe, siku ulizomeza, na picha ya majibu ya kuotesha. Mpe daktari aone miezi 12 ya nyuma kabla hajaandika chochote. Lakini ukipata homa na kutetemeka, maumivu ya mgongo chini ya mbavu, au kutapika, usisubiri majibu. Maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito, mtoto na mwanaume mwenye dalili za UTI nao wasitibiwe kwenye kaunta ya duka la dawa.