Makombora ya mazoezi yanayoota miti, ni kweli? Na risasi za shaba ndo suluhisho?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nasoma sayansi ya mazingira mwaka wa pili hapa Morogoro. Nimekutana na habari kwamba jeshi la Marekani liliwahi kutafuta makombora ya mazoezi yanayooza, ndani yana mbegu, likishadondoka baada ya muda linaota mmea. Ni kweli au stori za mtandaoni? Na kama ni kweli kwa nini majeshi yote yasihamie huko, alafu risasi za bunduki ziwekwe shaba badala ya madini ya risasi (lead), ishu ikaisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa. Tangazo lilisambaa sana mwanzoni mwa 2017, wizara ya ulinzi ya Marekani kupitia ule mpango wao wa kuzipa kampuni ndogo hela za utafiti iliomba makombora ya mazoezi yanayooza, kuanzia guruneti za milimita 40, makombora ya mota (mzinga mdogo unaorusha kombora juu) ya 60, 81 na 120, mpaka yale ya vifaru na ya mizinga ya 155. Sababu yao ya msingi ni kwamba kombora la mazoezi likishatua linazama kwenye udongo na linaweza kukaa huko mamia ya miaka, alafu mtu anakuja kuchimba msingi baadae anakutana na dude lenye kutu, hajui ni la mazoezi au la moto. Mbegu zilikuwa zimeshatengenezwa na CRREL, maabara ya utafiti ya jeshi lao kule New Hampshire, zimefanyiwa kazi zisiote mpaka zikae ardhini miezi kadhaa, na walitaka mmea unaovuta uchafu wa udongoni na mnyama akiula asidhurike.

Wazo ni zuri na mi nalipenda, ila linashughulika na ganda. Sumu kubwa ya viwanja vya mazoezi haipo kwenye ganda, ipo kwenye kile kinachoyeyuka na kushuka na maji, na hapo ndo nataka uweke akili yako, kila ukiambiwa hii risasi ni rafiki wa mazingira uliza kwanza, mvua ikinyesha inaenda wapi?

Chukua RDX, kilipuzi kilichomo kwenye makombora mengi. TNT, kilipuzi kingine, ina tabia ya kung'ang'ania udongo na kuvunjika vunjika njiani, lakini RDX haishiki, inayeyuka kidogo kidogo na kushuka mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi. Kiwango cha tahadhari cha shirika la mazingira la Marekani, EPA, kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 2 tu kwa lita. Sasa watu wengi wanadhani ukilipua makombora mengi ndo unachafua zaidi, kumbe kombora likilipuka vizuri karibu RDX yote inaungua, zinabaki chembe. Lenye shida ni lile lililolipuka nusu nusu, gamba limepasuka na ujazo umemwagika chini vipande vipande, hilo moja linaweza kuacha uchafu kuliko maelfu yaliyolipuka sawa sawa.

Na hili hawakulijua kwa kubahatisha. Watafiti wa CRREL walikuwa wanalipulia makombora juu ya theluji, Alaska na kwingineko, kwa sababu theluji mpya ni safi na masizi yanaonekana. Likishalipuka wanazunguka kwa miguu kuweka alama ukingo wa lile doa jeusi, alafu wanachota theluji kwa vikoleo vidogo sehemu nyingi nyingi ndani ya doa, wanaiweka kwenye mifuko, inayeyushwa maabara, maji yanachujwa na kupimwa. Kwenye udongo usingeweza kujua hii RDX ni ya leo au ya mwaka juzi.

Kazi hiyo hiyo ikaonyesha pia kwamba sehemu ya kufyatulia ina uchafu wake, na wengi wanaisahau. Mizinga na mota zinakuja na vifuko vya baruti, ukipiga karibu unatumia vichache na vinavyobaki askari walikuwa wanavimwaga chini kwenye mstari wa kufyatulia wanavichoma hapo hapo. Moto wa chini haumalizi, unaacha DNT na nitrogliserini, kemikali za baruti, kwenye udongo, na mahali pengine madini ya risasi. Wakanada wakatengeneza meza ya chuma ya kuchomea, baruti inaungua juu kwa moto mkali na majivu yanazolewa. Meza tu! Kama ningeulizwa na jeshi lolote lisilo na hela nyingi lianze na nini, ningesema hii, pamoja na kutafuta na kuondoa makombora yaliyopasuka kabla ya msimu wa mvua.

Tuje kwenye risasi za bunduki. Ukichota mchanga wa tuta la shabaha, lile la nyuma ya shabaha linalozuia risasi, ukauchekecha, risasi ya zamani utakuta imevaa unga mweupe, ule ni kaboneti ya madini ya risasi, na ndo unaoyeyuka taratibu, hasa udongo ukiwa na tindikali. Kwa hiyo kuondoa madini haya ni jambo la maana, hapo tunakubaliana. Ila angalia yaliyowakuta Camp Edwards, kambi ya jeshi kule Cape Cod, Massachusetts. Mwaka 1997 EPA ilisimamisha mazoezi ya mizinga na risasi za kawaida pale kwa sababu chini ya kambi kuna hazina ya maji wanayokunywa watu wa eneo lile, na RDX na pekloreti, chumvi inayotumika kwenye fataki na baruti, zilikutwa zimeingia humo. Mwaka 1999 wakaleta risasi za kijani, za tangsteni (metali nzito) na nailoni, kwa imani kwamba tangsteni haiyeyuki. Ikayeyuka, ikakutwa kwenye udongo na kwenye maji ya chini, na 2006 zikasimamishwa. Yaani walitoa metali inayojulikana tabia zake wakaweka ambayo hakuna aliyekuwa ameipima vizuri kwenye udongo wa aina ile.

Baada ya hapo jeshi likajaribu bismuthi na bati, nayo ikaleta shida kwenye joto, mwisho wakatulia na shaba. Risasi ya M855A1 ya milimita 5.56 ilianza kutumika 2010, ncha ya chuma na nyuma yake shaba, na jeshi lenyewe lilisema itaokoa mpaka tani 2,000 za madini ya risasi kwa mwaka. Ni hatua kubwa, mi naiunga mkono. Lakini shaba nayo ni sumu kwa samaki na wadudu wa majini, kwa hiyo renji, yaani kiwanja cha kulengea shabaha, iliyo karibu na kijito bado ina kazi. Na Norway walipohamia risasi zisizo na madini ya risasi, askari waliokuwa wanapiga na bunduki ya HK416 wakaanza kulalamika homa, baridi, kichwa na kifua, moshi ulikuwa na shaba na zinki. Walilinda udongo, mapafu yakaumia, ikabidi warudi kuchunguza risasi na bunduki upya.

Fosforasi nyeupe, ile ya makombora ya moshi, nayo hivyo hivyo, ilitegemewa iungue yote hewani, lakini Eagle River Flats, eneo la mazoezi lenye maji maji kule Alaska, vipande vilidondoka kwenye matope yenye maji vikazimika vikabaki, bata wakawa wanavimeza wanapochakura matope, wakafa wengi miaka mingi kabla sababu haijajulikana. Dawa ilikuwa kupampu maji kwenye madimbwi ili matope yakauke na fosforasi iishe yenyewe.

Kwa renji za kawaida usidhani lazima ununue risasi mpya za bei. Pima pH ya tuta, ikiwa chini ya 6.5 weka chokaa, usivuke 8.5. Zuia maji ya mvua yasipite moja kwa moja kwenye tuta kwenda mtoni, panda nyasi, na kila baada ya muda chekecha mchanga uuze chuma chakavu, maana madini ya risasi yana soko. Fosfeti inasaidia kuyafunga yasiyeyuke, ila risasi nyingi zina antimoni ndani, metali nyingine yenye sumu, na hiyo ukiongeza chokaa na fosfeti ndo inazidi kutembea, kwa hiyo pima vyote viwili, sio kimoja.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa wazi ni Kenya, maeneo ya Archers Post na Dol Dol ambako jeshi la Uingereza limefanya mazoezi miaka mingi. Mwaka 2002 wizara yao ya ulinzi ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200 walioumia au kupoteza ndugu kwa mabomu yaliyoachwa, wengi wakiwa watoto na wachungaji. Fidia ile ilikuwa ya miili. Udongo na visima vinahitaji kupimwa kwa utaratibu wake, na matokeo wapewe wanaokunywa yale maji, na kama unatafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho hii hapa.

Ukiifanya, usiingie ndani ya eneo la shabaha hata siku moja bila wategua mabomu kusafisha njia, anza na visima na vijito vya nje upande maji yanakoelekea. Na kwenye udongo usichukue sampo moja ukaipeleka maabara, vipande vya kilipuzi vimetawanyika vibaya, futi moja ina sumu na inayofuata haina kitu. Gawa eneo, chota kidogo kidogo sehemu 30 au zaidi, changanya yote, ndo upime. Ukipata barua ya ruhusa niandikie nikuelekeze vyombo vya kubebea.