Kuuliza Nani Anakata Msitu Si Dhambi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema mchungaji wenu amewaruhusu vijana kupanda miche nyuma ya kanisa, lakini mlipotaka kuandika barua ya kuuliza nani anakata msitu wa huko juu, akawaambia hiyo ni siasa, na siasa haiingii madhabahuni. Unaniuliza kama ni kweli.

Haiingii? Na wale waheshimiwa wa viti vya mbele, wanaopewa maikrofoni baada ya mahubiri na kuacha bahasha ya harambee? Siasa imo ndani kitambo. Kinachofukuzwa ni swali tu. Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliporudisha mchango wa Rais Ruto kwa kanisa la Soweto. Ukishakula kwa mtu, mdomo huwa mzito.

Hukuwa umezaliwa wakati wa vita vya kuokoa msitu wa Karura, Nairobi. Vipande vya msitu ule wa umma vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimyakimya, kwa kalamu, kabla ya mti kuguswa. Januari 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, na wenzake walipokwenda kupanda miti pale langoni, walivamiwa na vijana wa kukodiwa. Alipasuliwa kichwa, akaenda polisi kuandikisha taarifa, akaitia sahihi kwa damu yake. Unadhani walimpiga kwa sababu ya mche?

Mwanzo 2:15, Adamu kuwekwa bustanini ailime na kuitunza, najua mchungaji wenu huihubiri. Mwombe siku moja afungue 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi alifanye bustani ya mboga. Mboga tu, mwanangu! Barua zikaandikwa, zikatiwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wakapatikana, Nabothi akapigwa mawe. Eliya hakutumwa kupanda mizabibu kwingine. Alitumwa kwa mfalme.

Mwaka 2023 ulijionea. Julai, Rais alitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu 2018, kwa hoja kwamba miti iliyokomaa inaoza msituni. Novemba tukapewa sikukuu ya kupanda, tufikie miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kanisa letu lilitoka lote, na picha zikapigwa. Kuna waliofukia miche na mifuko yake myeusi ya plastiki. Kiangazi kilipofika, mche ulikuwa kijiti na mfuko unachungulia udongoni.

Kumpigia mtu debe madhabahuni sikubali, hata akiwa yule ninayempa kura yangu. Lakini barua yenu haimpigii mtu debe. Iandikeni kwa ofisi ya misitu: kibali amepewa nani, cha miti gani, kinaisha lini. Mchungaji akikataa kuweka muhuri wa kanisa, wekeni majina yenu na nambari za vitambulisho, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mchungaji msalimie. Na ile miche, toeni mifuko.

Mamako