Barua kwa mwanangu: yule tai wa kwenye mkaratusi

Mwanangu,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anauliza lini mtashuka. Picha nimezipata. Unataka kujua huyo ndege mkubwa aliyejenga kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba yenu hapo Lushoto ni ndege gani, na kama mjukuu wangu anaweza kucheza uani bila wasiwasi. Nianze na ndege.

Mwenzio anasema ni mwewe. Hapana, mwewe ana mkia wa panda, na akikaa karibu na huyu ataonekana kifaranga. Jirani yenu aliyesema tumbusi naye hakutazama kichwa, maana tumbusi hana kishungi. Wa kubishaniwa labda ni shakivale, kwa kuwa huko milimani wamejaa, ila yeye mkia wake ni mfupi, wa rangi ya kutu.

Kilichomaliza ubishi ni ile picha aliyotua na tawi la majani mabichi. Mtazame miguu: manyoya yameteremka mpaka vidoleni, na vidole vyenyewe ni vinene, kucha ya nyuma kubwa kupita zote. Tumbo lina mabaka meusi, meupe na ya hudhurungi. Mkia ni mrefu, una mistari mipana; mabawa ni mapana lakini mafupi, ya kukatisha kati ya miti. Huyo ni tai wa msituni, yule mla kima, kwa jina la kitaalamu Stephanoaetus coronatus. Yuko tai mwingine wa ukubwa huohuo, mwenye tumbo jeupe la madoadoa, lakini huyo ni wa nyika.

Nilipokuwa kazini misituni, mara nyingi tulimsikia kabla ya kumwona. Dume hupaa juu kabisa, akawa anapanda na kushuka hewani huku akilia kwii-kwii-kwii bila kuchoka. Kima nao wakimwona hupiga kelele msitu mzima ukajua. Pita chini ya mti uangalie kilichoanguka: ukikuta mafuvu ya kima na kwato za paa wadogo, hutahitaji tena kuniuliza mimi.

Sasa la mtoto. Jike, ambaye ndiye mkubwa, hafiki hata kilo 5, lakini huua mnyama mzito kuliko yeye, kisha humkata vipande na kuvipandisha mtini. Mwaka 1924 huko Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa viumbe wa kale waliotangulia binadamu. Miaka mingi baadaye watafiti walisema alama za kwenye matundu ya macho zinafanana na zile ambazo tai wa aina hii huziacha kwenye mafuvu ya kima. Sikuelezi haya ukimbie nyumba. Mtoto anayetambaa asiachwe peke yake mkekani, basi. Mtu mzima akiwa naye, tai hasogei. Wa kuhofiwa zaidi ni paka wako na wanambuzi wachanga, hao wafungie bandani. Na vijana wasiupande huo mti hata kwa kutumwa, maana akiwa na kinda hushambulia mtu bila kusita.

Kuhusu jirani anayetaka kuukata mkaratusi, mwombe kwa adabu asubiri. Hutaga yai 1 au 2, na kinda anayekua ni mmoja tu. Kuatamia ni siku 50 hivi, kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi 3, na hata akisharuka wazazi huendelea kumlisha kwa miezi mingi. Ndiyo maana wengi wao huzaa kila baada ya miaka 2. Akikaidi, mkumbushe kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ingawa mimi ningeanza na mahindi yake. Si ndiye anayelia kila msimu kwamba kima wanammaliza?

Kinda akitokeza nitumie picha. Atakuwa mweupe kichwa na tumbo, hafanani kabisa na wazazi, msije mkadhani kiota kimevamiwa na ndege mwingine. Na mama yako anaomba plamzi, msimu ukifika.

Baba yako