Unataka kulima muhogo huku Arusha na Moshi? Soma hii kabla hujakodi shamba

Wadogo zangu, na wakubwa pia maana siku hizi mpaka wastaafu wanaulizia, kila mvua zikikaribia napigiwa simu na watu wanataka kujua muhogo unalipa? Na karibu wote wanaingia na neno lile lile, eti muhogo hauna kazi, unachomeka miti unarudi zako mjini unasubiri hela. Sijui nani anawaambia haya. Muhogo haufi kirahisi, hilo kweli kabisa, jua likipiga unapukutisha majani unatulia, mvua ikirudi unachipua kama hakikutokea kitu, ila kutokufa sio kuzaa. Wastani wa nchi unacheza kwenye tani 8 hivi kwa hekta, na wenye mbegu safi na palizi ya kueleweka wanapita tani 20 kwenye ardhi hii hii. Kwa nilivyoona mimi huo utofauti, na hela yenyewe, vimelala sehemu mbili: miti unayopanda na siku unayong'oa. Hapo katikati ni jembe tu.

Ila shamba kwanza. Huku kwetu usihangaike na juu mlimani kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo kuzunguka nyumba, kule ni migomba na kahawa na baridi, muhogo utakua kwa kusuasua tu, na hakuna mzee atakayekupa kihamba chake upande mihogo. Shuka tambarare, Moshi pande za Kahe, Arusha pande za Mbuguni na huko chini chini ya Usa River. Mabogini maji yapo lakini pale ni skimu ya mpunga, unakodi kwa bei ya mpunga alafu unapanda muhogo, hiyo hesabu haikai. Udongo uwe tifutifu wenye kichanga kichanga. Ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika achana nao hata ukipewa bure, mizizi inaoza na kuing'oa wakati wa jua ni adhabu.

Sasa kitu ambacho wageni wengi hawakifikirii ni muda. Mashamba ya chini yanakodishwa kwa msimu, na msimu hapa maana yake ni wa mahindi, Machi unaingia, Agosti umetoka. Muhogo unataka miezi tisa mpaka kumi na miwili, na mingine inazidi. Ukipatana kienyeji "nakodi eka mbili", mwenye shamba kichwani kwake ana miezi sita, wewe una mwaka, mwezi wa tisa anakuja na mpangaji mwingine na trekta. Andikishaneni, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na mwenyekiti wa kitongoji awepo na asaini.

Alafu kuna mifugo. Mahindi yakishavunwa tambarare yote inakuwa malisho, ng'ombe na mbuzi wanaingia kwenye mabua na ndivyo watu walivyozoea miaka yote, hakuna anayemkosea mwenzake. Shida ni kwamba kwenye hiyo tambarare yote kavu, kitu cha kijani ni shamba lako peke yake. Huwezi kulinda usiku na mchana ukiwa unakaa Njiro. Kwahiyo ama upande sehemu ambayo majirani nao wamepanda mihogo, mkachangia mlinzi, ama ujenge urafiki na wafugaji mapema kabla hujapata hasara, nenda na sukari na majani ya chai, kaa na wazee, waonyeshe mpaka. Na waambie ukweli kwamba majani ya muhogo mchungu yana sumu, mbuzi akila mengi anaweza kufa, hapo mzee mwenyewe atawaonya vijana wake. Mkifika kwenye kulipana fidia baraza la kijiji mmeshapoteza wote.

Haya, mbegu. Hapa naomba msiniruke.

Muhogo una magonjwa mawili makubwa, batobato na michirizi ya kahawia, yote ni virusi, yote yanabebwa na nzi weupe wale wadogo wanaokaa chini ya jani, na yote yanasafiri mbali ndani ya miti ya kupanda ambayo sisi wenyewe tunaibeba kwenye pikipiki. Batobato hata mgeni anaiona, jani linakuwa na mabaka ya njano na limejikunja, mti umedumaa. Ukiona hivyo usichukue. Michirizi ndio mbaya maana mti unaweza kuwa umesimama umependeza kabisa. Huu ugonjwa ni wa kwetu, mtafiti mmoja aitwaye Storey aliuelezea mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani kule Usambara, Tanga, kwahiyo karibu miaka 90 sasa na bado unatutafuna.

Ukienda kununua miti nenda shamba likiwa bado na majani, usikubali kuletewa mzigo umeshafungwa na kamba. Tazama majani ya chini sio ya juu. Yale ya chini yaliyokomaa yakiwa na unjano unaofuata mishipa ya jani, wasiwasi uanze. Angalia shina sehemu changa ya kijani, kuna vimstari vya kahawia? Alafu mwombe mwenye shamba ang'oe mashina mawili matatu, umlipe hiyo mihogo, usione aibu. Chukua kisu ukate muhogo kwa upana, vipande vipande kama unakata karoti, sio ncha tu, endelea mpaka katikati. Nje unaweza kuwa safi umenona, ukifika katikati unakuta baka la kahawia kavu gumu kama gome. Huo hauliki wala hauuziki. Ukiliona baka moja tu acha shamba zima, hata kama jamaa ni shemeji yako.

Na hii biashara ya magari yanayoleta mihogo toka Tanga alafu dereva anakuwekea na miti ya bure juu, ya bure hiyo ndio ghali. Tafuta mbegu zilizokaguliwa, TOSCI ndio wanaothibitisha mbegu nchini na kuna wakulima waliosajiliwa kuzalisha miti safi, ulizia kwa afisa ugani wa kata au wasiliana na vituo vya TARI, wale wa utafiti wa kilimo. Majina utakayosikia ni Kiroba, Mkombozi, Mkuranga 1, Chereko, TARICASS 4 na mengineyo. Hakuna hata moja lenye kinga ya milele, Kiroba kwa mfano inaweza kuugua ila inavumilia, mizizi haiharibiki sana, kwahiyo ukiipanda karibu na mbegu ya kienyeji inayoumwa unajitafutia. Na uliza swali ambalo watu wanasahau, hii inaiva? Maana kuna mbegu za viwandani zina mavuno makubwa na unga mwingi ila ukiuchemsha unabaki mgumu, na wewe mteja wako wa Arusha mjini anataka wa kuchemsha na kukaanga, hana kiwanda.

Kupanda sina maneno mengi. Pingili ya sentimita 20 mpaka 30, yenye macho matano hadi saba, toka katikati ya mti uliokomaa, nafasi mita moja kwa mita moja ambayo kwa eka inakuletea miche kama 4,000. Panda mvua zinapoanza sio zinapoisha. Miezi mitatu ya kwanza palilia kwa bidii, hapo ndipo muhogo unashindwa na magugu, ukishafunga kivuli unajitetea wenyewe. Maharage katikati ya mistari yanaruhusiwa na ndio yatakulipa palizi. Ukiona mti mmoja una batobato ng'oa toa nje, usiuonee huruma. Na fuko, jamani fuko, anakula toka chini mti umesimama hauna habari, siku ya kung'oa unakuta shimo. Wapo vijana wa kutega, mnapatana kwa kila fuko.

Niseme na la hela za mtaji. Akina mama wengi ndio wanaolima hii kitu, wanapanda, wanapalilia, wanabeba, na mtaji wanatoa kwenye kikoba. Kikoba marejesho ni kila wiki au kila mwezi, na muhogo hautoi hata mia mpaka ufikishe miezi tisa ardhini. Nimeona watu wanang'oa mihogo ya miezi sita, midogo kama mkono wa mtoto, sababu tu marejesho yamefika. Kikoba kikope kwa ajili ya maharage au mboga, muhogo uweke kwa hela ambayo haidaiwi na mtu. Na siku gari limekuja kupakia, mama aliyepalilia awepo pale kwenye kuhesabu, sio baba atokee na kofia saa ya kupokea hela alafu nyumbani ifike nusu. Mtanisamehe ila inatokea sana.

Sasa siku ya kung'oa. Muhogo ukiwa ardhini ni ghala, unaweza kusubiri bei wiki, mwezi, hata zaidi. Ukishautoa tu saa inaanza kuhesabu, siku mbili tatu ndani yake kunaanza mistari ya bluu na weusi, na wanunuzi wa huku wanajua hiyo kitu kuliko wewe. Nenda soko la Kilombero pale Arusha au Mbuyuni pale Moshi asubuhi uwaangalie wakaanga mihogo wanavyonunua. Mama anachukua mmoja, anavunja ncha, anatazama weupe, anaukwaruza kwa kucha, anaunusa. "Kaka huu umelala," basi, bei imeshashuka nusu na hutamshawishi kwa maneno. Jirani yake ni kijana wa toroli anayeuza muhogo mbichi na nazi na karanga, huyo ndio mkali zaidi maana mteja wake anautafuna hivyo hivyo bila moto, anataka mtamu na usio na nyuzi, na akipata wako ukawa mzuri atakutafuta mwenyewe kila wiki.

Kwahiyo usishike jembe kabla hujashika simu. Mnunuzi kwanza, idadi ya viroba, saa ya gari, ndipo mnang'oa, na mnang'oa kiasi hicho tu. Kuna mbinu inayosaidia, wiki mbili hivi kabla ya kuvuna kata matawi na majani ya juu ubakize kisiki, muhogo wa namna hiyo unachelewa kuharibika. Ukiung'oa uache na kikonyo kidogo, usiuchubue, na usiuache juani. Ukivuna mara tu baada ya mvua kubwa kunyeshea muhogo uliokuwa umepigwa na kiangazi utakuta una maji maji na hauivi vizuri, acha utulie kwanza.

Dalali atakuja na staili mbili. Ya kwanza anataka kununua shamba kwa macho, anatembea mle ndani anakutajia bei ya eka nzima. Kabla hujajibu ng'oa mashina kumi sehemu tofauti za shamba, pima kilo, gawa kwa kumi zidisha mara miche iliyosimama, sasa unajua unauza nini, na yeye akiona mzani mkononi mwako anaongea lugha nyingine. Ya pili ni ya magunia, na hapo ujue lumbesa, ule mlima wa juu uliofungwa kwa kamba. Wakala wa Vipimo wamekataza miaka nenda rudi, ila shambani mpo wewe na yeye na gari linaunguruma. Uza kwa kilo ukiweza.

Na kalenda yako iwe na Ramadhani. Mwezi ule muhogo wa futari unatafutwa huku kama dawa, wa nazi hasa, na mfungo unasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ramadhani ya 2027 inategemewa kuanza kwenye tarehe 8 Februari hivi, rudisha miezi kumi na moja unaangukia Machi 2026, masika inaanza, hapo ndio pa kuwa na miti ardhini. Wa Tanga nao wanajua hesabu hiyo na magari yao yatakuja, ila wako umeng'olewa asubuhi Kahe na saa nne upo Mbuyuni, wa kwao umelala njiani.

Ukibakiwa na mzigo usiouzika mbichi kuna makopa, yaani muhogo mkavu. Menya, kata vipande vyembamba, anika kwenye chanja au turubai, sio chini kwenye vumbi. Usijaribu Juni na Julai, Moshi miezi ile jua halionekani mchana kutwa, utaanika ukungu. Kama mbegu ni chungu lazima uiloweke na kuivundika kwanza, hii sio masihara, Tarime mwaka 1985 watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kwa kula muhogo mchungu ambao haukutolewa sumu vizuri.

Na tangu Tanzania isaini na China mwaka 2017 makubaliano ya kupeleka muhogo mkavu, kila baada ya muda anatokea mtu kwenye magrupu anasema ana oda ya makopa, leteni, hana kikomo. Piga hesabu kabla hujachangamka. Kilo moja kavu inataka mbichi tatu mpaka nne, kwahiyo tani 20 za makopa ni tani 60 mpaka 80 za muhogo toka shambani, ambazo kwa mavuno ya wastani ni eka kama 19 mpaka 25. Wewe una mbili. Peke yako huna cha kumuuzia, labda mkiwa kikundi chenye mashine ya kukatia na sehemu ya kuanikia. Akisisitiza muulize anatanguliza asilimia ngapi na magunia analeta nani, na unyevu atapima kwa kipimo gani, shambani kwako au akishafika bandarini, maana wakipimia bandarini na kukataa mzigo, nauli ya kurudisha itakuwa ya nani?